Nukta Nyuma ya Sikio

Jumatano, tarehe 16 Aprili 2025. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa tatu, kisha jua likatoka kwa nguvu na barabara za mtaa wa Buyenzi zikaanza kufuka mvuke. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haikuonekana siku nzima.

Saa tatu na nusu Sikuzani binti Tajudini alifunga mlango wake akashika njia, kikapu cha plastiki mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na bakuli mbili, hina iliyolowekwa tangu jana yake, vifuko vya plastiki vilivyokatwa ncha, pamba, chupa ya mafuta ya karafuu na pakiti sita ndogo za rangi nyeusi ya nywele. Mtaani watu humwita Mama Shakuru, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana miaka arobaini na tisa, na tangu akiwa na kumi na saba anapaka maharusi. Siku hiyo alikuwa anakwenda mtaa wa Asiatique, kwa Bwana Nasor mwuza vitambaa, kumpaka bintiye Aya. Ndoa ilikuwa Jumamosi.

Kazi hii aliirithi kwa mama yake, na mama yake hakujua kitu kingine ila majani. Hina ya majani hukaa mkononi usiku mzima na hutoa rangi ya tofali. Miaka kama kumi na tano iliyopita maharusi walianza kutaka nyeusi, inayokauka kwa saa moja na kutokea kwenye picha kama wino. Nyeusi hiyo hupatikana kwa kuchanganya hina na unga wa kupaka nywele. Sikuzani alijifunza kuchanganya, kama wenzake wote walivyojifunza.

Hakuwa mzembe, na hilo liandikwe mapema. Aliwahi kusikia habari za msichana aliyeungua mikono baada ya kupakwa na mtu mwingine, akaogopa, akajiwekea desturi yake. Wiki mbili kabla ya ndoa, siku anapokwenda kuonyesha michoro, huchanganya rangi kidogo na kuweka nukta moja nyuma ya sikio la kushoto la biharusi kwa njiti ya kiberiti. Halafu huletewa chai. Hunywa kikombe kimoja, polepole, macho yakiwa kwa msichana. Kikifika mwisho na msichana hajajikuna, hajavimba, hajakosa pumzi, Sikuzani hukigeuza kikombe juu ya sahani yake na kusema: "Mwili umekubali."

Kina mama walilipenda jambo hilo. Walisimuliana. Wapakaji wengine walimcheka kwanza, wakamwita muganga wa chai, lakini baada ya miaka michache baadhi yao walianza kufanya vilevile, kwa sababu wateja waliuliza: na nyinyi, hampimi?

Aya alipimwa siku ya pili ya Idi, tarehe mosi Aprili. Chai ilikuwa ya tangawizi. Mwili ulikubali.

Sasa siku ya kupakwa ilikuwa imefika. Aya alikaa kwenye mkeka, mikono juu ya mto, na pembeni yake binamu yake Houda, ambaye kazi yake ilikuwa kumlisha zabibu na kumchokoza.

"Mama Shakuru, umupake mpaka mabega," alisema Houda. "Asioshe vyombo mwaka muzima."

"Hamood ameniahidi mashine ya kuosha vyombo," alisema Aya.

"Hamood! Yeye mwenyewe anaoshewa soksi na mama yake."

Walicheka hata Sikuzani akalazimika kuinua mkono asiharibu mstari. Alichora maua kutoka ncha za vidole hadi viwiko, na katikati ya kila kiganja duara lenye matawi. Ilimchukua saa mbili. Alipokuwa anafuta ukingo wa duara, Aya aliutazama mkono wake.

"Mama Shakuru, vidole vyako vimepasuka. Vinauma?"

"Ni sabuni tu, mwanangu."

Ilikuwa mwaka wa pili sasa ncha za vidole vyake zinamwasha, ngozi inakuwa ngumu na kupasuka. Nafisa, mama yake Aya, alikuja kuvitazama, akapiga simu hapo hapo kwa muuguzi anayemfahamu, Scholastique, wa zahanati moja ya magonjwa ya ngozi. "Nenda leo alasiri," alimwambia Sikuzani. "Mikono ndiyo kazi yako."

Kwa hiyo ni Nafisa aliyemtuma huko.

Scholastique ni mwanamke mfupi, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alivichukua vidole vya Sikuzani akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, unafanya kazi gani? Simenti? Kufua?"

"Ninapaka hina."

"Ya majani?"

"Majani, na nyeusi."

"Nyeusi ya pakiti. Ile ya nywele."

"Ile ile."

"Basi vidole vinakataa ile rangi. Miaka miwili vinakuambia apana, we unasikia sabuni."

Sikuzani alicheka. "Ingekuwa alerji ningejua. Mi na alerji tunajuana, dada. Kila biharusi ninamupima." Akamweleza habari ya nukta na chai.

Muuguzi hakucheka. "Kikombe kimoja?"

"Kimoja. Lakini ninakunywa polepole."

"Nani alikuambia alerji yote inakuja haraka?"

"Kila mutu anajua! Kaka yangu Seifu akitia karanga mudomoni, midomo inavimba na hata hajatema."

"Ile ya Seifu ni moja. Kuna zingine." Scholastique alivuta kiti. "Nyumbani kwako kuna zamu, mulinzi wa getini?"

"Zamu wa nini? Nyumba ya vyumba viwili!"

"Basi jirani tajiri ana zamu. Mwili nao una zamu. Zamu wa Seifu ana filimbi. Karanga inapita getini, yeye anapuliza, na mutaa wote unatoka kwa dakika moja. Wanamwaga maji, wanavunja milango. Ndiyo kule kuvimba, pumzi inafunga, mutu anaanguka. Inakuja haraka na inaua haraka. Kikombe chako kinamupima zamu huyo peke yake."

"Si ndiyo huyo ninamuogopa?"

"Muogope. Lakini siyo peke yake. Kuna mwingine anapiga walioko ndani ya nyumba. Mugonjwa akipewa damu isiyolingana na yake, zamu anaivunja ndani ya mishipa. Au dawa inang'ang'ania damu ya mutu mwenyewe, kama mutoto wa nyumba aliyevaa kofia ya mwizi. Zamu haulizi jina, anapiga. Na mi nilifanya kazi Ruziba zamani. Mulimaji wa mupunga aliumwa na nyoka, akapigwa sindano ya serumu, dawa ya ile sumu, akapona, akaenda kwake anaimba. Siku ya kumi wakamuleta kwenye baiskeli. Homa, magoti kama maboga, mukojo umebadilika. Vita ya zamu na ile serumu ilikwisha, lakini takataka ya vita haikuzolewa. Iliziba mifereji, kwenye viungo, kwenye figo."

"Siku ya kumi? Yoo."

"Hakuna chai ya siku kumi, mama."

Sikuzani alikuwa ameacha kutabasamu. Alivitazama vidole vyake. "Na hii yangu?"

"Hii haina filimbi kabisa. Rangi inaingia kwenye ngozi na kuishika, zinakuwa kitu kimoja. Kuna mulinzi anakaa hapo ndani ya ngozi. Anachukua sura ya kile kitu, anaipeleka kwenye tezi, shingoni, kwapani, na anawafundisha wengine. Mafundisho yanachukua siku kumi, wiki mbili. Mutu hasikii kitu. Anakula, analala. Siku rangi inarudi, wale wanaijua sura. Lakini wanakuja kwa miguu. Siku moja, mbili, hata tatu. Wakifika, wanaunguza."

"Na ile nukta yangu?"

"Nukta yako ndiyo darasa."

Dirishani palikuwa na mwanamke aliyesubiri na mtoto mgongoni. Scholastique alimwonyesha kwa mkono asubiri bado.

"Ya mwisho umeweka lini?"

"Siku ya pili ya Idi. Mutoto wa Nafisa."

"Aya? Na utamupaka lini?"

"Nimemupaka leo asubuhi. Mpaka viwiko."

Scholastique aliinuka akaenda kwenye kalenda ya ukutani. Aliweka kidole kwenye tarehe mosi, akakisogeza mpaka kumi na sita, mdomo ukihesabu bila sauti. Kisha akakisogeza mbele tena.

"Leo hakuna kitu. Kesho labda hakuna kitu. Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi ndiyo ndoa."

"Sikiliza. Si wote. Wengi unawapaka na mwili haujifunzi kitu, ndiyo maana umefanya kazi hii miaka yote hii. Kesho angalia nyuma ya sikio. Kama pale nukta ilikaa pameamka, ujue amejifunza."

"Nikimuosha leo?"

"Ya juu itatoka. Iliyoingia imeingia. Lakini kuna pomade ya kupaka, kuna vidonge. Akianza mapema, moto haupandi sana." Aliandika jina la daktari kwenye kipande cha karatasi. "Mulete mbele ya Ijumaa jioni. Usingoje kuona. Ukishaona, umechelewa."

Usiku huo Sikuzani hakumwambia mtu. Alhamisi asubuhi hakukuwa na mvua. Alifika Asiatique saa nne na kukuta wanawake kumi na wawili uani wakichambua mchele wa pilau. Aya na Hamood walikuwa wameshatia saini kwenye ofisi ya komini juma lililotangulia, kwa hiyo kwa serikali walikuwa mume na mke tayari. Iliyobaki ilikuwa nikahi na sherehe. Aya alimkimbilia na kumwonyesha mikono. Rangi ilikuwa imekolea, nyeusi, safi, na ngozi baina ya maua ilikuwa laini kama ya mtoto. Sikuzani alisema baadaye kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchora mikono iliyotoka vizuri kama ile.

"Nigeuzie shingo, mwanangu. Nione kama hereni itakaa."

Aya aligeuka. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na duara jekundu, limeinuka kidogo, linabanduka magamba. Lilikuwa pale pale alipogusa kwa njiti ya kiberiti, ila limepanuka likawa kama kifungo cha shati.

"Mbu," alisema Aya. "Wa humu ndani wamenona."

"Imeanza lini?"

"Siku nne, tano. Inawasha usiku tu."

Sikuzani alirudisha mtandio mahali pake. Akamfuata Nafisa jikoni, akafunga mlango, akamweleza yote bila kupunguza: vidole vyake, kalenda, nukta iliyoamka, Ijumaa jioni. Akatoa karatasi ya daktari.

Nafisa alimsikiliza huku akipepeta iliki. "Mama Shakuru, umeamka muzima leo?"

"Muzima, Mama Aya."

"Aya! Njoo hapa." Msichana akaja. Nafisa akainua mikono yake juu. "Hii ni mikono ya mugonjwa? Inakuwasha?"

"Apana, mama. Kwani nini?"

"Nenda, mupenzi, hakuna kitu." Mlango ulipofungwa tena, sauti ya Nafisa ilishuka. "Alerji ninaijua. Mutoto wa dada yangu akichomwa na nyuki, tunambeba mbio. Haingoji siku tatu kama mugeni wa mbali. Na we ndiyo ulimupima! Ulikunywa chai yangu, ukageuza kikombe changu, ukasema mwili umekubali."

"Kipimo kilikuwa kibaya."

"Leo ndiyo kimekuwa kibaya?"

"Jana ndiyo nimejua."

"Mama Hamood anakuja hapa saa nane. Nimwambie nini? Kwamba mukwe wake ataungua Jumamosi? We umekuwa mupfumu sasa, unataja siku na saa?" Mupfumu ni mpiga ramli, na neno hilo halisemwi kwa upole katika nyumba ya Waislamu. "Nakuheshimu. Lakini nyumba hii ina furaha, usiite kitu ambacho hakijakuja."

Karatasi ilibaki mezani. Sikuzani aliichukua, akampa Houda uani. "Akianza kujikuna, hata kidogo, musingoje. Mumupeleke."

"Sawa, Mama Shakuru," alisema Houda, akaitia mkobani pamoja na risiti ya fundi cherehani.

Ijumaa ilikuwa na mawingu mazito ambayo hayakutoa mvua. Sikuzani alipiga simu baada ya sala. Houda alisema hakuna kitu, biharusi anajaribu viatu. Alipiga tena baada ya Alasiri.

"Anajikuna kidogo," alisema Houda, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wakicheka. "Shangazi wanasema kiganja kinawasha kwa sababu Hamood anamufikiria."

"Houda, mupelekeni sasa hivi."

"Nani atampeleka? Magari yote yameenda kuchukua wageni. Mama Shakuru, kesho!"

"Mupe simu Aya."

Aya alikuja. "Inawasha kwenye mistari tu," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba hakutaka shangazi wasikie. "Ni kawaida?"

"Siyo kawaida. Mwambie mama yako mi nimesema siyo kawaida."

Simu ikakatika. Haikupokelewa tena.

Alikwenda kwa miguu. Getini alisimama mlinzi wa nyumba, Sylvère, ambaye kwa miaka mingi alimfungulia bila kuuliza.

"Mama amesema leo usiingie," alisema Sylvère, akitazama chini. "Amesema we unaleta maneno. Pole, Mama Shakuru."

"Umemuona biharusi?"

"Nimemuona dirishani. Anapepea mikono."

Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka adhana ya Magharibi. Magari yaliingia na kutoka. Wakati mmoja alimwona Bwana Nasor akishuka na mikoba ya nyama, akavuka mbio kumfikia, lakini geti lilikuwa limefungwa kabla hajafika kwenye lami ya upande wa pili. Alirudi Buyenzi.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, simu yake ililia. Alikuwa Nafisa mwenyewe.

"Njoo," alisema. 

Kila ua kwenye mikono ya Aya lilikuwa limeinuka. Ndivyo Sikuzani alivyonieleza mimi ninayeandika haya, na sikuongeza neno. Ngozi baina ya maua ilikuwa nyekundu lakini tambarare. Palipopita rangi, ngozi ilikuwa imejaa maji, jani kwa jani, tawi kwa tawi, kama vile mtu amepulizia mchoro kwa ndani. Duara la kiganja cha kulia lilikuwa limepasuka na kuchuruzika. Vidole havikukunjika. Aya alikuwa amejisugua macho usiku, na kope zilikuwa zimevimba hata jicho moja likawa mstari tu. Hakulia. Alikaa, mikono mbele yake, asiguse chochote.

Shangazi wa upande wa baba alikuwa ameshaanza. "Mutu amemurushia mutoto kitu. Yule msichana aliyekuwa amechumbiwa na Hamood zamani, Alhamisi si alikuja na zawadi? Sabuni! Nani analeta sabuni?"

"Mwaga hiyo sabuni," alisema mwingine. "Na kaka zake waende wamuulize leo leo."

Vijana wawili walikuwa wanavaa viatu. Nafisa alimtazama Sikuzani.

Sikuzani anasema kwamba wakati ule aliona wazi njia ya kutokea. Mle ndani hakuna aliyejua habari ya kalenda isipokuwa Nafisa, na Nafisa naye asingependa isemwe.

"Apana," alisema. "Vueni viatu. Sabuni haina kosa. Ni mi. Ni rangi yangu, na ni nukta yangu. Mama Aya nilimwambia Alhamisi."

Vijana waliviacha viatu. Kisha Nafisa akasema, bila kupaza sauti: "Ulituambia. Lakini ulikuwa umeshapaka."

Sikuzani alimfungulia Aya mlango. Wakaingia garini.

Ilikuwa wikendi ya Pasaka, na zahanati ilikuwa na watu wachache. Daktari alikuwa mkoani, angefika saa tano. Scholastique alikuwepo. Aliona mikono kutoka mlangoni akaanza kulowesha shashi katika maji ya chumvi kabla hawajaketi. Aliizungusha mikono yote miwili, akampa Aya vidonge vya kuanzia baada ya kuongea na daktari kwa simu, akamwambia aiinue juu ya moyo. Akamuuliza kama pumzi inapita vizuri, kama koo linabana. Halikubana. "Nauliza tu," alisema, "kwa sababu ya kope."

Saa nne ilikuwa saa ya nikahi. Biharusi hahitaji kuwepo msikitini. Baba yake ndiye anayemwoza. Nafisa alifikiri kuahirisha, lakini Bwana Nasor alisema watu wameshafika, na Hamood aliposikia habari alisema anataka iendelee ili apate kwenda hospitali akiwa mume kwa dini pia. Kwa hiyo Houda alishika simu mbele ya uso wa Aya, sauti imefunguliwa, kwa sababu Aya mwenyewe hakuweza kuishika. Walisikia hotuba, kikohozi cha mtu, mtoto akinyamazishwa. Walimsikia Bwana Nasor akitaja jina la binti yake. Walimsikia Hamood akikubali. Maji ya chumvi yalidondoka kutoka kwenye viwiko vya Aya hadi sakafuni.

"Mabruki," alisema Houda, akabubujikwa na machozi.

"Usinililie hapa," alisema Aya. "Siwezi kukufuta."

Daktari alifika saa tano na nusu. Alisema ngozi itafunga baada ya wiki mbili au tatu, kama haitaingia usaha. Alama zinaweza kubaki miezi, pengine zaidi: maua meupe, au ya kahawia, mahali palepale. Kisha akaongea polepole, akimtazama Nafisa na si Aya, akataka ayaandike. Asiguse tena nyeusi hii maisha yake yote. Asipake nywele akizeeka, maana pale ni kichwa na uso na koo, na safari ijayo moto utaanza mapema zaidi na kupanda juu zaidi. Baadhi ya nguo nyeusi mpya zinaweza kumsumbua. Hata sindano fulani za ganzi, aseme kwanza. "Mwili ukishaijua hii rangi, hausahau," alisema. "Hata baada ya miaka ishirini."

Aya alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Alipotoka, Scholastique alimkuta Sikuzani kwenye benchi la nje. "Na we uache kuishika," alimwambia. "Vidole vyako viko shule moja na yeye."

"Wangapi wako hivi, dada? Wale walikuja miaka yote, wanasema wameungua kidogo, mi ninawaambia ni samaki mulikula, ni jua."

"Sijui. Hesabu wale unaoweza kuwafikia."

Alihesabu pale pale. Tangu Idi alikuwa ameweka nukta kwa wasichana saba. Mmoja alikuwa ndani ya chumba kile. Sita walikuwa bado hawajapakwa. Wa karibu zaidi ni Raihana, wa Carama, ambaye angepakwa Jumatatu. Nukta yake ilikuwa na siku kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, Sikuzani alisali Alfajiri, akafunga mlango na kwenda Carama bila kikapu. Kengele za Pasaka zilikuwa zinalia na njia ilikuwa imejaa watu wenye nguo nyeupe. Mama yake Raihana alimkaribisha kwenye kibaraza, akamsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, akachungulia nyuma ya sikio la binti yake, hakuona kitu, akasema hakuna kitu.

"Leo hakuna," alisema Sikuzani. "Mi nitampaka majani, bila pesa, usiku kucha kama mama yangu alivyofanya. Nyeusi, apana. Na asipakwe na mutu mwingine."

"Yeye anataka nyeusi. Ameshachagua nguo." Mama alisema hivyo bila ugomvi. "Usijali, Mama Shakuru, kama umechoka pumzika. Pale Kinama kuna mwanamke anapaka vizuri. Na yeye ni mwangalifu, anapima kwanza. Nukta na chai. Anasema alijifunza kwako."

Sikuzani aliuliza nyumba ya mwanamke huyo iko avenyu ya ngapi. Akaelekezwa. Alimwomba Raihana aje akae, akamweleza yeye mwenyewe mambo yote kwa mara ya pili, na msichana akasema atafikiri. Kisha akavaa viatu akaenda Kinama kwa miguu.